Luambo Makiadi mbele ya kuitwa Franco



Katika nambari hii tumechagua kueleza maisha ya mtu moja ambaye wote tunamjua kwa sauti: Luambo Makiadi, jina lake la muziki Franco, mkubwa wa orkestra OK Jazz. Lakini siku zake za sifa hatutazieleza sana. Hizo kila mzee mwenye redio anazijua. Tunataka kueleza mambo ya mbele, kutoka mwaka 1938 mpaka 1956, wakati alikuwa mtoto wa soko na hakuna mtu aliyeuliza habari yake.

Sababu yetu ni hii. Muhula huu wenzetu wawili wa darasa la nne wameacha masomo, eti wanashuka Kinshasa kuwa wanamuziki. Na bwenini usiku tunasikia wengine wakisema kwamba Franco naye hakumaliza shule, na tena alikuwa tajiri. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ingine njo tunaandika hapa.

Luambo alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 kule Sona-Bata, katika Bas-Congo. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa mfanyakazi wa reli, na kabila lake Mutetela. Batetela ni ndugu za Bakusu wa Maniema yetu. Basi kwa upande wa baba, mtu huyu hakuwa mgeni wa mbali kwetu. Mama yake alikuwa wa Bakongo. Mtoto alikuwa angali mdogo wakati jamaa ilihamia Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa.

Mwaka 1949 baba akafa. Luambo alikuwa na miaka kama kumi na moja, na feza ya shule ikakosekana. Watu wa bwenini wasikie vizuri hapo: huyu mtoto hakuchoka na hesabu wala hakuruka ukuta usiku. Shule njo ilimuacha yeye.

Mama yake alikuwa anauzisha mandazi, yale watu wa Kinshasa wanaita mikate, katika soko ya Ngiri-Ngiri. Luambo alijitengenezea gita kwa kopo la bati, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za umeme zilizochunwa. Akawa anakaa karibu na meza ya mama na kupiga, ili watu wasimame, na wakisimama wanunue. Sisi wa Nyangwe hatuhitaji kuelezwa soko ni kitu gani. Soko yetu hapa kando ya Lualaba ilijulikana mbali tangu wakati wa misafara ya Waarabu. Mtu wa soko ana haraka, ana mzigo kichwani, hana huruma na mwenye kupiga vibaya. Ukikosea anapita tu, na mandazi yanabaki. Tunaweza kusema kwamba mtihani wa kwanza wa Franco ulikuwa ule, tena kila siku, na mtu wa kutoa alama alikuwa mnunuzi. Hakuna mashine iliyonasa sauti ya gita lile la kopo. Mazoezi yale yote yamepotea, imebaki paka habari yake.

Kisha akapata waalimu. Wa kwanza alikuwa Albert Luampasi, mpiga gita ambaye alikuwa anafanya sahani za muziki katika studio Ngoma. Wa pili alikuwa Ebengo Paul, aliyejulikana kwa jina la Dewayon, kijana aliyekuwa na gita la kweli. Luambo alikaa karibu nao, akaangalia vidole vyao, akashika gita wakati wanaliweka chini. Pamoja na Dewayon walifanya kikundi kidogo, wakakiita Watam, maana yake wahuni. Jina halikuwa zuri, lakini kazi yao ilikuwa ya kweli.

Hapa inafaa tueleze kidogo habari za studio. Wakati ule katika Léopoldville, wafanyabiashara Wagriki walianza kunasa nyimbo za wenyeji na kuuzisha sahani zake. Nico Jeronimidis alianzisha Ngoma mwaka 1948. Ngoma njo ilitoa Marie-Louise, wimbo wa Wendo na Henri Bowane, ambao ulifika mbali sana. Mgriki mwingine, Basile Papadimitriou, alifungua studio Loningisa. Neno hilo kwa Kilingala ni sawa vile kusema: tikisa! Bowane akahamia huko, na kazi yake moja ilikuwa kutafuta vijana wenye kujua na kuwapima.

Mwaka 1953 kijana Luambo, miaka kumi na tano, akafika mbele ya Bowane. Akapimwa. Bowane alikuwa mpiga gita mkubwa, haikuwa rahisi kumdanganya. Akamkubali. Papadimitriou akamfungia mkataba na kumpa gita la kisasa, gita ambalo lilionekana kubwa kumpita mwenyewe. Na ni Bowane aliyemwita Franco, kwa kukata jina lake la ubatizo, François. Mwaka uleule akanasa Bolingo na ngai na Béatrice, wimbo wake wa mapenzi ambao ulianza kumjulisha mjini.

Wasomaji wapendwa, msifikiri kunasa wimbo wakati ule ilikuwa sawa na leo. Leo mtu anaweza kuweka gita asubuhi, sauti mangaribi, na kosa likafutwa na mashine. Zamani wote walikuwa wanapiga mara moja, waimbaji na magita na ngoma pamoja. Moja akikosea, wote wanarudi mwanzo. Na upande moja wa sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba kama dakika tatu tu. Kwa hiyo mtu hakuenda studio kujifunza. Alienda na wimbo umeshaiva. Yule mtoto aliyezoea kusimamisha watu wa soko kwa dakika chache alikuwa amejitayarisha vizuri kwa kazi hiyo, hata kama hakujua.

Sahani zile za mwanzo zilikuwa nzito na za kuvunjika upesi kama sahani ya udongo. Nyingi zilivunjika katika nyumba za watu. Zile zilizobaki, baadhi zimenakiliwa, na mtu akizisikia leo anatambua kitu: vidole ni vyake tayari. Franco alikuwa anavuta nyuzi kwa kidole gumba na kile cha shahada, kwa nguvu, na alama hiyo haikumwacha mpaka mwisho.

Miaka mitatu ikapita katika Loningisa. Alipiga nyimbo zake, na alipiga pia nyuma ya wengine bila jina lake kutajwa sana. Wanamuziki wa studio walizoea kukutana na kucheza katika baa moja ya Oscar Kassien, iliyoitwa O.K. Bar. Kule, mwezi wa Juni 1956, wakaunda OK Jazz. Kumbe hata siku ile Franco hakuwa kiongozi. Mkubwa alikuwa Jean Serge Essous, mpiga klarineti. Baada ya muda mfupi Essous akaondoka na wengine, Vicky Longomba akaongoza, na Franco akaendelea kupiga gita. Orkestra ilikuja mkononi mwake baadaye.

Yaliyofuata tunayataja kwa ufupi. Aliongoza OK Jazz kwa miaka mingi na kunasa mamia ya nyimbo. Si zote zilikuwa za kufuatwa. Mwaka 1978 alifungwa kwa ajili ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Mwaka 1980 alipewa cheo cha Grand Maître. Mwaka 1987 alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya ukimwi. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1989 kule Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51, na nchi nzima ilimlilia siku nne.

Sasa turudi kwa maneno ya bwenini. Tufanye hesabu pamoja. Kutoka kifo cha baba mpaka OK Jazz ni miaka saba. Katika miaka hiyo Franco alikuwa na gita kila siku, alikuwa na Luampasi, Dewayon na Bowane wa kumrekebisha, na studio zilikuwa katika mji wake mwenyewe. Alipoteza shule moja, akaingia ingine ngumu kuliko hii yetu. Mwenye kuacha darasa leo, yeye anaenda kwa mwalimu gani? Atalala kwa nani? Ana wimbo ngapi ambazo zimeiva? Asipoweza kujibu, basi hafuati njia ya Franco. Anafuata barabara tu.

Hatukatazi muziki. Katika shule yetu magita ya kopo tunayahesabu matano, na moja linalia vizuri sana. Tumeomba waalimu, nao wamekubali: Jumamosi baada ya kazi za mikono, wenye magita wanaweza kukutana chini ya miembe. Kila moja alete wimbo moja aliouzoea tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama wauzishaji wa mandazi wanapita pale saa ile. Tutaangalia kama watasimama.

Na wale wawili wa darasa la nne, kama wangali Kasongo wanangojea gari, mwenye kuwaona awaambie kwamba nafasi zao darasani hazijapewa mtu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho