Dedekind, Bwana wa Mkato

Mwaka jana nilipoteza alama mbili za Hisabati na hadi leo zaniuma. Swali: kipi kikubwa, 99/70 au kipeuo cha pili cha 2? Mie nikafungua jedwali, nikapata 1.414. Nikagawa 99 kwa 70, nikapata 1.414. Nikaandika ati ni sawa! Mwalimu akanikosoa kwa kalamu nyekundu, kisha akanitajia jina nisilowahi kulisikia. Basi nikamtafuta mwenye jina hilo maktabani.

Richard Dedekind alizaliwa mwaka wa 1831 mjini Braunschweig, Ujerumani, mji ule ule alikozaliwa Gauss, gwiji wa hesabu. Gauss huyo ndiye aliyemsimamia huko Göttingen hadi akapata udaktari mwaka wa 1852. Mwaka wa 1858 alianza kufundisha mjini Zurich, Uswisi, na hapo ndipo taabu ilipomkuta. Kila akitaka kuwathibitishia wanafunzi jambo, alijikuta akitegemea mchoro wa mstari, maana nambari zenyewe hazikuwa na msingi. Si unajua kipeuo cha 2 hakiandikiki kama sehemu? Sasa ni kitu gani?

Tarehe 24 Novemba mwaka huo akapata jibu. Zigawe sehemu zote mafungu mawili. Huku weka zile chanya ambazo zikizidishwa kwa zenyewe zinapita 2. Kule weka zote zilizosalia, pamoja na sifuri na hasi. Hakuna hata moja inayokaa mpakani. Pale pale penye mkato ndipo kilipo kipeuo cha 2! Ukitaka kulinganisha, izidishe sehemu yako kwa yenyewe uone imeangukia wapi. Ile yangu inatoa 9801/4900, na 2 ni 9800/4900. Kumbe imezidi! Jedwali langu halikuweza kuona kitu kidogo hivyo.

Ajabu ni kwamba wazo hilo alilikalia hadi 1872 ndipo akalichapisha. Mimi ningelitangaza jioni ile ile.

Mwaka wa 1862 alirudi kwao kufundisha. Hakuoa, aliishi na dadake Julie, mwandishi wa riwaya. Husimuliwa kwamba kalenda moja ya wanahisabati ilitangaza kuwa alifariki Septemba 4, 1899. Mzee akawaandikia kwamba siku huenda ikawa sawa, ila mwaka wameukosea, kwani siku hiyo alikuwa mzima akizungumza na rafikiye Cantor.

Alifariki Februari 12, 1916. Kwa hivyo hata siku waliikosea.