Fundi wa ngoma aliyeliuza jina lake

WAHENGA walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Lakini mtu akiliuza jina lake mwenyewe, naye angali hai, atafanyaje? Hayo ndiyo yaliyomfika William F. Ludwig, fundi wa ngoma wa Chicago, Marekani, ambaye vyombo vyake vikuukuu hutafutwa hata leo na mafundi wenye kuvitengeneza upya.

Ludwig alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Nenderoth, Ujerumani. Mwaka 1887 jamaa yake ilihamia Chicago. Baba yake alikuwa mwanamuziki, na kijana akaifuata njia hiyo. Alipiga ngoma katika sarakasi na katika majumba ya michezo.

Waliosikia habari za beni za Mombasa na Lamu wanajua kuwa ngoma kubwa ilikuwa na mpigaji wake na ndogo ilikuwa na wake. Katika majumba ya Chicago nafasi ilikuwa finyu na mtu mmoja alitakiwa apige zote mbili. Pedali za kupigia ngoma kubwa kwa mguu zilikuwapo, lakini zilikuwa nzito, na muziki ulipokwenda mbio mguu uliachwa nyuma.

Mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 30, Ludwig alijitengenezea pedali nyepesi ya mbao. Wenzake walipoiona waliitaka. Akaungana na nduguye Theobald wakafungua kampuni ya Ludwig & Ludwig, na shemeji yao Robert Danly, aliyekuwa mhandisi, akasaidia kuiunda pedali hiyo kwa chuma. Kwa pedali hiyo mikono ikawa na kazi yake na mguu ukawa na yake, bila kuachwa nyuma.

Mwaka 1918 Theobald alifariki kwa ile homa ya mafua iliyoenea duniani. William aliendelea peke yake na biashara ikastawi, kwani siku hizo sinema hazikuwa na sauti na kila jumba liliajiri wanamuziki. Mwaka 1927 sinema za kusema zikaanza, na maelfu ya wanamuziki wakapoteza kazi. Nani tena angenunua ngoma? Mwaka 1929 Ludwig aliiuza kampuni kwa Conn, watengenezaji wa vyombo vya muziki wa Elkhart, Indiana. Jina nalo likaenda. Mwenye mali akawa mwajiriwa.

Alivumilia hadi mwaka 1936, kisha akatoka. Mwaka uliofuata, karibu na umri wa miaka 60, alifungua karakana yake Chicago. Hakuruhusiwa kuandika Ludwig juu ya kazi ya mikono yake, kwa hiyo aliweka herufi tatu tu: WFL. Basi sokoni zikawa ngoma zenye jina la Ludwig asizozitengeneza yeye, na ngoma alizozitengeneza yeye zisizo na jina lake.

Vita vya pili vikaleta dhiki nyingine. Serikali ya Marekani iliamuru kwamba chuma katika chombo cha muziki kisizidi asilimia 10 ya uzito wake. Vishikizo vya skurubu za kukazia ngozi, vilivyokuwa vya chuma, vikachongwa kwa mbao.

Mwaka 1955 Conn waliiachia biashara ya ngoma. Ludwig na mwanawe walilinunua jina lao. Mzee alikuwa na miaka 76. Tarehe 9 Februari 1964, Ringo Starr wa kundi la Beatles alipiga katika televisheni ya Marekani, na mamilioni ya watu wakalisoma jina la Ludwig juu ya ngozi ya ngoma yake kubwa. Mzee aliyaona hayo kwa macho yake. Alifariki mwaka 1973.

Maisha hayo yote yamo katika ngoma zenyewe. Fundi akipata ngoma kuukuu, kwanza hutazama kibati cha jina ubavuni. Kikiwa na WFL, huenda ni ya miaka ile aliyokuwa bila jina lake. Vishikizo vikiwa vya mbao, ni ya wakati wa vita. Fundi mwema hafanyi haraka ya kutoboa tundu jipya ili aingize mkono wa kisasa wa kubebea ngoma ndogo, kwani tundu likishatobolewa halizibiki bila alama. Huitafuta nati ya asili hata kwa miezi, huisafisha kutu taratibu, wala hakibandui kibati.

Mwaka 1981 ukoo uliiuza tena kampuni, safari hii kwa Selmer. Baadaye Selmer iliunganishwa na Conn, na leo ngoma za Ludwig hutoka katika kampuni iitwayo Conn-Selmer. Jina limekutana tena na jina la wale walionunua kampuni mwaka 1929. Lakini zile herufi tatu juu ya ngoma kuukuu zinamkumbusha mzee mwenyewe. Mafundi wanazitunza.