Maisha ya Marehemu John Archer, Meya wa Battersea

Marehemu John Richard Archer alizaliwa katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza, mwaka 1863. Baba yake alikuwa mtu mweusi wa kisiwa cha Barbados aliyetumika melini, na mama yake alitoka Ireland. Yeye naye alikwenda baharini, akaiona dunia, kisha akakaa Battersea, mtaa wa London wenye viwanda na wafanya kazi wengi, akafanya kazi ya kupiga picha.

Mwaka 1906 aligombea udiwani katika kata ya Latchmere, akachaguliwa. Jambo aliloshika sana lilikuwa ujira: alitaka mfanya kazi wa baraza, hata aliye wa chini kabisa, asilipwe kasoro ya shilingi 32 kwa juma. Mwaka 1909 alikikosa kiti chake, akakirudia mwaka 1912.

Novemba 1913 madiwani walikutana kumchagua meya. Archer alipata kura 40, mpinzani wake 39. Hivyo akawa meya mweusi wa kwanza katika London. (Wako wasemao wa kwanza Uingereza nzima, lakini Dakta Minns alimtangulia huko Thetford mwaka 1904.) Ndipo zikamjia barua za matusi, nyingine zikimtukana hata mama yake mzazi, naye hakuzificha, alizitaja hadharani mbele ya baraza.

Wanachama wetu watapenda kujua ya kuwa mwaka 1918 aliwekwa kuwa rais wa kwanza wa African Progress Union, chama cha Waafrika na watu wa asili ya Afrika waliokaa London.

Mwaka 1922 alikiacha kiti chake cha udiwani ili awe wakala wa uchaguzi wa Shapurji Saklatvala, Mhindi wa Bombay na mkomunisti, aliyegombea ubunge wa Battersea Kaskazini kwa msaada wa chama cha Labour, naye akashinda. Baadaye Labour na Wakomunisti waliachana. Archer alibaki na Labour, na katika uchaguzi wa 1929 alikuwa wakala wa mgombea aliyemwangusha Saklatvala yule yule. Bila shaka haikuwa kazi nyepesi kwake.

Alirudi barazani mwaka 1931 kwa kata ya Nine Elms, akafariki Julai 1932, mwenye umri wa miaka 69, akiwa naibu wa kiongozi wa baraza.