Charles Goodyear: mpira ulimpa jina, si mali

Kipande cha tairi kuukuu kikitupwa motoni pale Vitshumbi, kando ya ziwa Edward, kinaungua bila kuyeyuka. Hiyo ni kazi ya Charles Goodyear, Mmarekani aliyezaliwa New Haven tarehe 29 Desemba 1800.

Enzi zake mpira ulinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Goodyear hakusomea kemia. Alikuwa mfanyabiashara aliyefilisika na kufungwa kwa madeni. Mwaka 1839 aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto mkali unabaki imara. Salfa inafunga nyuzi zake ndogo, na fundo hilo halifunguki. Mpira ulioletwa na kampuni ya Shell miaka ya 1960 ni tofauti: ncha za kila uzi ni plastiki ngumu, zinashikana zikipoa na kulegea karibu na digrii 100, kwa hiyo soli ya kiatu inaweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya.

Goodyear alipata hataza mwaka 1844, lakini kesi zilikula feza. Alifariki New York tarehe 1 Julai 1860, akidaiwa karibu dola 200,000. Kampuni ya matairi ya Goodyear, iliyoanzishwa 1898, ilichukua jina tu. Wakati huo Wakongomani walikuwa wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira wa Leopold II.