Daktari aliyejidunga ganzi hadi ikamgeuka

Kama umewahi kung'olewa jino bila kupiga nduru, kuna jamaa mmoja wa New York unafaa kumshukuru. Anaitwa William Stewart Halsted. Ukishamshukuru, mhurumie pia.

Halsted alizaliwa 1852, familia yenye pesa zake. Akiwa Yale hakuwa mtu wa vitabu sana. Alipenda futiboli, hadi akawa nahodha wa timu. Ni udaktari uliomwamsha. Alihitimu 1877, akaenda Ulaya kunoa mikono, kisha akarudi New York akiwa moto wa kuotea mbali. Alipasua haraka, bila woga, na kila mtu alimjua.

Septemba 1884, habari zikatoka Ujerumani. Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, alikuwa amegundua kwamba matone ya kokeni yanatia jicho ganzi. Maskini, hata nauli ya kwenda Heidelberg kutangaza ugunduzi wake hakuwa nayo, ikabidi rafiki amsomee ripoti.

Halsted akajiuliza: je, ukiidunga hiyo dawa kando ya neva yenyewe? Neva ni kama waya wa stima. Ukizima pale juu, chumba chote kinakosa taa. Akajaribu na wenzake, na ikafanya kazi. Ukidunga mahali fulani ndani ya mdomo, nusu ya taya inakufa ganzi. Hapo ndipo sindano ya daktari wa meno ilipozaliwa.

Shida ni kwamba walijidunga wao wenyewe. Mwenzake Richard Hall alipodungwa, mkono ulikufa ganzi sawa, lakini dakika chache baadaye kichwa kikaanza kuzunguka, akasikia kichefuchefu, jasho baridi likamtoka. Hiyo ilikuwa onyo. Dawa ya ganzi haikai tu pale ulipoiweka. Inaingia kwa damu, na damu inafika kwa ubongo na kwa moyo.

Onyo hawakulisikia. Kufikia 1885 Halsted alikuwa mraibu. Mwaka huo alichapisha makala kuhusu kokeni ambayo mpaka leo ukiisoma huoni kichwa wala mkia. Cha kushangaza, ni mwaka huohuo alioonyesha kwamba hata maji yakidungwa ndani ya ngozi yanaleta ganzi. Yaani alijua kidogo kinatosha. Mwili wake ndio ulikuwa umeshakataa kidogo.

1886 akalazwa Hospitali ya Butler, Providence. Enzi hizo walimtibu kwa mofini, kwa hivyo akatoka na mzigo wa pili. Rafiki yake William Welch hakumtupa. Alimkaribisha Baltimore, na hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa 1889, Halsted akapewa nafasi ya kuongoza upasuaji. Huko aliagiza glavu za mpira kwa sababu dawa ya kuua viini ilikuwa inababua mikono ya nesi Caroline Hampton. 1890 wakafunga ndoa. Yule daktari wa haraka sasa alipasua polepole, kwa uangalifu mwingi, na akafunza kizazi kizima cha madaktari wa upasuaji.

Alikufa 1922. Watu wengi waliamini alipona kabisa. Lakini daktari mwenzake William Osler alikuwa ameacha maandishi ya siri, yaliyofunguliwa 1969, yakionyesha kwamba mofini iliendelea kumwandama miaka mingi.

Siku hizi hospitali hutumia zaidi lidokeini, ambayo haileti uraibu kama kokeni. Lakini ikizidi ni sumu. Ulimi unakufa ganzi, unasikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, kisha degedege, na mwisho moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana daktari anauliza uzito wako kabla ya kupima dozi. Ndiyo maana pia ile krimu ya ganzi ya kuchorea tatuu si ya kujipaka mguu mzima halafu ufunge na plastiki. Inapenya ngozi, inaingia kwa damu, njia ileile ya sindano ya Hall.

Halsted alikuwa mmoja wa madaktari wakali zaidi wa zama zake, na dawa haikujali. Wewe uliza dozi.