Sir Charles Eliot, Kamishna wa mashamba na konokono

Ukimtaja Sir Charles Eliot huku kwetu, la kwanza utakaloambiwa ni mashamba. Ndiye Kamishna wa 1900 hadi 1904 aliyewafungulia walowezi nyanda za juu. Mumias nako kukawa chini yake Aprili 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande huu. Nabongo Mumia, na Waislamu waliofika kwake na misafara ya pwani, wakajikuta na serikali nyengine bila kuhama.

Mtu huyuhuyu, mzaliwa wa Uingereza 1862, alikuwa bingwa wa konokono wa bahari wasio na gamba, akawaandika wa Zanzibar na wa pwani yetu. Siku hizohizo, 1901 na 1902, Cyril Crossland alikuwa akikusanya minyoo ya bahari papa hapa.

Konokono na mnyoo, wapi na wapi? Tazama watoto wao. Mchanga wa mnyoo, aitwaye trokofora, ni mfano wa pia, kiunoni ana mshipi wa vinyweleo vya kuogelea. Konokono wengi nao hupitia umbo hilo, wengine wakiwa bado yaini. Na huyu asiye na gamba huanguliwa nalo, dogo, kisha akalivua! Utotoni ndiko ukoo unakoonekana.

Jicho kali hivyo, na bado malisho ya Wamasai aliyaona hayana mwenyewe. London ilipomzuia kuwagawia Wazungu wawili ardhi hiyo, alijiuzulu, 1904. Baadaye akaongoza Chuo Kikuu cha Hong Kong, akawa balozi Japani. Alifia melini 1931 akirudi kwao, akazikwa baharini.