Baron von der Decken: Aliyeuawa mtoni Juba, jina lake likabaki kwenye ua la Kilimanjaro

KISIWA cha Ndau, kilicho kati ya Pate na Kiwayu katika Kaunti ya Lamu, hakijui theluji. Fuo zake zimezungukwa na mikoko, na wakazi wake Wabajuni wameishi kwa uvuvi na usafiri wa mashua tangu jadi.

Hata hivyo, bahari iliyo mbele ya visiwa hivyo ndiyo njia ya vyombo vinavyotoka Unguja na Lamu kuelekea Kismayu na mlango wa mto Juba. Mwaka wa 1865 njia hiyo ilifuatwa na msafiri mmoja ambaye hakurudi tena, lakini ambaye jina lake limeendelea kuishi mbali sana na pwani, kwenye mmea unaoota kando ya barafu.

Msafiri huyo alikuwa Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kupanda mlima Kilimanjaro. Mmea wenyewe ni Lobelia deckenii, ua-pori linaloota juu ya mpaka wa msitu, mahali ambapo miti ya kawaida haiwezi kustahimili baridi.

Von der Decken alizaliwa mwezi Agosti mwaka wa 1833 huko Kotzen, katika jimbo la Brandenburg, katika ukoo wa kikabaila wenye asili ya Hannover. Kama vijana wengi wa tabaka lake, alijiunga na jeshi na kutumikia kikosi cha wapanda farasi cha ufalme wa Hannover.

Maisha ya kambini hayakumtosheleza. Sifa za Heinrich Barth, Mjerumani aliyevuka Sahara na kufika Timbuktu, zilikuwa zimeenea Ulaya nzima, nazo zilimvuta kijana huyo kuelekea Afrika. Mwaka wa 1860 aliacha jeshi, akafunga safari ya Unguja.

Nia yake ya kwanza ilikuwa kuungana na Mjerumani mwenzake, Albrecht Roscher, aliyekuwa ametangulia kuelekea ziwa Nyasa. Alipofika Unguja alipokea habari kwamba Roscher alikuwa ameuawa mwezi Machi mwaka huo karibu na ziwa hilo.

Habari hizo hazikumvunja moyo. Mwishoni mwa mwaka wa 1860 alitoka Kilwa na msafara wake kuelekea bara, lakini safari hiyo ilivunjika kabla ya kuliona ziwa. Alirejea pwani mikono mitupu, akageuza macho yake upande wa kaskazini.

Wakati huo Kilimanjaro ulikuwa chanzo cha mabishano makali kati ya wataalamu wa Ulaya. Mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao Rabai karibu na Mombasa, alikuwa ameuona mlima huo mwezi Mei mwaka wa 1848 na kuandika kwamba kilele chake kina theluji. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alimkanusha hadharani. Kwake yeye, theluji karibu na ikweta lilikuwa jambo lisilowezekana.

Wachagga walioishi chini ya mlima huo hawakuhitaji ushahidi wa mtu yeyote. Waliijua baridi ya juu na maji yaliyotiririka kutoka huko kuingia katika mifereji ya migomba yao. Lakini katika kumbi za Ulaya maneno yao hayakuhesabiwa, na ilibidi atoke mtu mwenye vipimo ndipo ukweli ukubaliwe.

Mtu huyo akawa von der Decken. Katikati ya mwaka wa 1861 aliondoka Mombasa akiwa na Richard Thornton, mtaalamu kijana wa miamba kutoka Uingereza ambaye awali alikuwa katika msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi. Waliandamana na kundi kubwa la wapagazi na walinzi.

Kufika Uchagga halikuwa jambo la kupita tu. Kila mangi alikuwa na himaya yake, na mgeni alilazimika kutoa hongo na kungoja ruhusa kabla ya kuruhusiwa kupita. Baada ya kucheleweshwa na kunyeshewa, Baron na mwenzake walipanda hadi takriban mita 2,500 tu, wakiwa bado ndani ya msitu. Hata hivyo Thornton alipima mlima kutoka pande mbalimbali na kuthibitisha kwamba ulikuwa umetokana na volkeno. Kijana huyo hakuishi sana, kwani alifariki mwaka wa 1863 baada ya kurudi kwenye msafara wa Livingstone.

Mwaka wa 1862 von der Decken alirudi Kilimanjaro, safari hii akiwa na Otto Kersten, mwanasayansi Mjerumani. Mara hii walivuka msitu na kupita mita 4,000. Hawakufika kileleni, lakini walifika katika nchi nyingine kabisa ya mimea.

Anayepanda mlima huo huanza katika mashamba ya migomba na kahawa, kisha huingia msitu mzito wenye ukungu. Kadiri anavyopanda, miti hupungua kimo na kuvikwa kuvu-mwani zinazoning'inia kama ndevu, halafu hufuata vichaka. Juu ya vichaka hivyo kuna uwanda wa baridi wenye nyasi ngumu, mawe na mimea ambayo haionekani kwingine ila katika milima michache mirefu ya Afrika Mashariki na Ethiopia.

Tabia ya hewa ya huko haifuati kaskazi na kusi kama pwani. Mabadiliko makubwa hutokea ndani ya siku moja: mchana jua huchoma, na usiku huohuo maji huganda. Mmea usio na kinga dhidi ya hali zote mbili hauwezi kudumu.

Lobelia ya Kilimanjaro ina kinga hiyo. Majani yake hujipanga duara kama kabeji kubwa, na usiku hujikunja kulizunguka chipukizi changa la katikati. Maji hukusanyika kati ya majani hayo. Baridi inapozidi, sehemu ya juu ya maji huganda na kuwa kifuniko cha barafu, huku maji ya chini yakilikinga chipukizi lisiharibike.

Wakati wa kuchanua unapofika, katikati ya majani huinuka mhimili mnene unaoweza kupita kimo cha mtu mzima. Maua yake ya rangi ya buluu hujificha nyuma ya vijani vilivyopangana kama vigae. Ndege aina ya chozi hutua juu ya mhimili huo kufyonza asali ya maua, na kwa kufanya hivyo huhamisha chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Duara moja la majani huweza kuchukua miongo kadhaa kabla ya kuchanua. Likishachanua mara moja, hufa. Lakini chini ya ardhi limeunganishwa na maduara mengine ya mmea uleule, nayo huendelea kukua yakingoja zamu yao.

Vielelezo vya mimea kutoka safari za Baron vilipelekwa Ujerumani. Mwanabotania Paul Ascherson wa Berlin ndiye aliyeipa lobelia hiyo jina la von der Decken, na mwaka wa 1877 Mwingereza William Hemsley aliiweka katika jenasi ya Lobelia, inakojulikana hadi leo. Jina la Baron lilipewa pia aina moja ya hondohondo wa nyika kavu za Afrika Mashariki, Tockus deckeni.

Huo ulikuwa mwanzo wa desturi iliyoenea milimani kote. Lobelia nyingine, inayoota mlima Kenya, inaitwa Lobelia telekii kwa heshima ya Samuel Teleki wa Hungaria. Ua dogo kavu liitwalo Helichrysum newii, ambalo ni miongoni mwa mimea inayoota juu zaidi Kilimanjaro, lina jina la Charles New, mmishonari wa Ribe aliyeifikia theluji ya mlima huo mwaka wa 1871.

New hakufika huko peke yake. Tofiki, msaidizi wake, alikuwa naye hadi kwenye theluji, lakini hakuna ua lililopewa jina lake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wapagazi wa von der Decken, waliobeba mizigo, vyombo vya kupimia na vielelezo kutoka mlimani hadi pwani. Majina ya Kilatini ya maua ya mlima huo yanawakumbuka waliogharimia safari na kuwasahau walioibeba mabegani.

Matokeo ya safari hizo yalimpa von der Decken heshima kubwa. Mwaka wa 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku nishani ya dhahabu. Mabishano kuhusu theluji yalikuwa yamepoteza nguvu, na maelezo ya Rebmann yakaonekana kuwa ya kweli.

Mtu mwingine angeridhika na hayo. Baron aliagiza meli ndogo ya mvuke ijengwe Hamburg kwa ajili ya kuingia mitoni, akaiita Welf. Lengo lake lilikuwa kupanda mto Juba hadi ndani kabisa ya bara, mahali ambapo hakuna Mzungu aliyekuwa amefika kwa njia hiyo.

Katikati ya mwaka wa 1865, majira ya kusi, aliondoka Unguja kuelekea kaskazini akiwa na Welf na chombo kingine kidogo cha mvuke, Passepartout. Ni safari inayofuata pwani ya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu kabla ya kuingia maji ya Wasomali. Kwa manahodha wa visiwa hivyo, Kismayu ilikuwa bandari ya jirani. Kwa Baron, ilikuwa mlango wa nchi asiyoijua.

Balaa lilianza mapema. Passepartout ilipotea kwenye mlango wa Juba, penye mafungu ya mchanga na mawimbi makali. Welf iliingia mtoni na kupanda hadi kupita mji wa Bardera, lakini mwishoni mwa Septemba iligonga miamba kwenye maporomoko na kutoboka.

Von der Decken na daktari wake, Hermann Link, walirudi Bardera kwa mashua kutafuta chakula na msaada. Wakiwa huko, kambi iliyobaki kando ya meli ilishambuliwa tarehe 1 Oktoba. Mchoraji Eduard Trenn na fundi mitambo waliuawa, na walionusurika wakakimbia kwa mashua kufuata mkondo hadi pwani. Siku iliyofuata, Baron na Link waliuawa mjini Bardera. Von der Decken alikuwa na umri wa miaka 32.

Habari za kifo hicho zilichukua muda kuaminiwa Ulaya. Richard Brenner, mmoja wa walionusurika, alirudi pwani mwaka wa 1866 kutafuta ukweli, na katika safari zake alifika Witu, bara ya Lamu, kwa Sultani Ahmed Simba. Mwingine aliyetumwa, Theodor Kinzelbach, alifariki Mogadishu mwaka wa 1868.

Ziara ya Brenner haikupita bure. Uhusiano wa Wajerumani na Witu uliendelea hadi Ujerumani ilipotangaza ulinzi wake juu ya usultani huo mwaka wa 1885, na kuuacha mikononi mwa Uingereza mwaka wa 1890. Kwa hivyo msafiri aliyetafuta mito na vilele alikuwa, kwa kujua au kutojua, miongoni mwa waliotangulia njia ya wakoloni.

Kuanzia mwaka wa 1869 hadi 1879 Kersten alisimamia uchapishaji wa vitabu vya safari za Baron, vikiwa na maelezo ya watu, wanyama, miamba na mimea. Mwaka wa 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, kazi aliyoianza von der Decken na asiimalize.

Leo eneo la lobelia liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka wa 1973 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 1987. Hifadhi hiyo huzuia shoka na jembe, lakini haiwezi kuzuia joto. Sehemu kubwa ya barafu iliyokuwepo mwanzoni mwa karne ya 20 imekwisha kutoweka, na moto, kama ule wa Oktoba 2020, umeteketeza maeneo makubwa ya vichaka vya juu.

Kwa mimea ya mlimani, ongezeko la joto lina hatari ya pekee. Kiumbe wa uwandani anaweza kuhama kufuata hali inayomfaa, lakini ua lililo karibu na kilele lina nafasi ndogo ya kukimbilia juu. Nao moto wa siku chache unaweza kuangamiza duara la majani lililokuwa likijiandaa kuchanua kwa miaka inayokaribia umri wote alioishi Baron von der Decken.